Kamusi ya Kiboko

Hapo zamani za kale, nyie mlioinamia mchezo wa maneno kwenye simu tangu asubuhi mkinisumbua, "Bibi, tupe neno la Kiingereza lenye kyuu! Bibi, lenye eksi!" kana kwamba mimi nilizaliwa Ulaya. Mimi niliishia darasa la pili. Wekeni hiyo simu chini, niwape cha kusikiliza.

Zamani hizo kulikuwa na ukame. Visima vilikauka, likabaki bwawa moja tu, na mwenye bwawa alikuwa Kiboko. Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalimletea kamusi ya Kiingereza: kitabu kinene, na juu ya jalada picha ya kasuku. Basi! Tangu siku hiyo jina la Kiboko hataki. "Niiteni Bwana Kamusi."

Akatunga sheria. Kila asubuhi anataja herufi mbili. Mwenye neno la Kiingereza lenye herufi hizo anakunywa maji safi. Asiye nalo asubiri Kiboko aoge kwanza, ajigaragaze, anye humo humo, ndipo anywe hilo tope.

"Leo kyuu na zedi!"

Nyati akasogea, na mapembe yote yale, anatetemeka. "Ni... kyuzedi?"

Kiboko akalamba kidole, akafumba macho nusu, eti usomi umemzidi. Prrr, prrr, akafunua kurasa. "Halimo. Nyuma!"

Ngedere aliwahi kuishi nyuma ya jiko la shule. Akaruka mbele. "Kwizi! Hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Ndilo jaribio linalowaliza watoto kila Ijumaa!"

Prrr. "Halimo."

"Limo!"

"Unabishana na kitabu?"

Ngedere akanywea. Na wenzake je? Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Tembo mzima, masikio kama majamvi, anatikisa kichwa: "Aa, kweli, halimo." Kiingereza chenyewe hajui hata cha kuombea chumvi! Lakini ataonekana mjinga? Bora anywe mavi.

Chubwi! Kiboko akajitupa majini, na siku ikaharibika.

Sasa, alikuwepo Mama Pimbi, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, ana mapacha. Watoto walikuwa wakiharisha siku ya tatu kwa tope lile, na asubuhi hiyo yule mdogo alishindwa kuinua kichwa. "Mama, maji." Pimbi hakulia. Kulia nako kunataka maji. Aliketi akafikiri: huyu anayesoma, mbona kasuku wake kila siku yuko miguu juu kama mzoga? Kumbe kitabu anakishika kichwa chini!

Mchana Kiboko alipotoka kupumzika kivulini, akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Kamusi."

"Marahaba. Umepata neno?"

"Neno nilipate wapi, mie mjinga? Aibu ndiyo iliyonileta. Kitabu cha msomi kina vumbi namna hii? Watu watasema huna wa kukutunza."

"Watu gani hao?"

"Majina sitaji. Lete nikipanguse, wewe lala. Akili nyingi huchosha."

"Huchosha kwelikweli," akasema Kiboko, akampa. Haukupita muda: khorooo! Khorooo!

Pimbi ana meno. Kru-kru-kru, akakata nyuzi, akachomoa kurasa zote, akashindilia majani makavu ya mgomba aliyoyakata sawasawa. Jalada akaling'arisha, akalirudisha.

Kesho yake wakapanga foleni tena, wajinga wale wale.

"Leo eksi na wai!"

Pimbi akapita mbele, mtoto mgongoni. "Bwana Kamusi, kila siku unatuambia lisilokuwemo. Leo tuambie lililomo. Moja tu."

"Mwulizaji ni mimi!"

"Au hana?" Nyati akanong'ona. Na mnong'ono wa Nyati unasikika ng'ambo.

Kiboko akavimba. "Nani hana? Mimi?" Akalamba kidole. Kwacha, kwacha! Akadhani kitabu kilichopanguswa ndivyo kinavyolia. Macho nusu, midomo ikimcheza. "Hili hapa! Zumbakwakwa!"

"Lo!" wakaguta wanyama.

"Maana yake nini?" akauliza Pimbi.

"Maana yake... mwanamke asiyenyamaza."

"Na limeandikwa hapo?"

"Kwa wino mweusi! Herufi kubwa!"

"Tugeuzie basi, na sisi tulione."

Akageuza, kwa maringo.

Ngedere akachungulia: "Mbona hilo ni jani la mgomba?"

Kiboko akatazama. Akafunua jingine: jani. Jingine: jani. "Nimeibiwa! Kitabu changu kimeibwa!"

"Nimekiiba mimi," akasema Pimbi. "Nimekiiba jana mchana. Zumbakwakwa umelisoma leo."

We! Kilichofuata ni kicheko. Nyati alicheka mpaka akakaa chini. Tembo ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote: "Mimi nilijua siku nyingi!" Mwongo mkubwa.

Kiboko akapanua domo amtafune Pimbi. Pimbi gani? Alikwisha kupenya chini ya tumbo lake, yuko bwawani, anamnywesha mwanawe maji safi, gubi, gubi, gubi. Ngedere akamfuata. Nyati akafuata, Tembo akafuata, kundi zima likamiminika, na domo moja haliwezi kuuma kundi. Kiboko alisimama ukingoni akiita, "Foleni! Foleni!" Hakuna aliyegeuka. Alipopata nafasi ya kuingia majini, kwato zilikwisha kuyavuruga yakawa uji wa udongo. Akanywa hayo hayo.

Yule mtoto wa Pimbi jioni alikaa mwenyewe, akaanza kumpiga pacha wake. Ndipo mama yake akajua amepona.

Na kwizi je, limo au halimo? Msiniulize mimi. Pimbi mwenyewe hakujua; kurasa alizitandika zikawa godoro la watoto.

Anayekukatalia kwa kitabu, mwambie akusomee.