Chapuo la Nguchiro na Sanamu Mbili

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyungu vyao na ugomvi wao wa majirani, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamchaka. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumsukuma mwenzio, hadithi hii ina haraka.

Kila baada ya mavuno, Kwamchaka walifanya maonyesho ya sanaa. Uwanja ulifagiwa, ukanyunyizwa maji ili kutuliza vumbi, na vibanda vya makuti vikajengwa pembeni. Panya Buku alipanga vinyago vyake. Bi Nungunungu alitandaza mikeka ya ukindu. Katikati ya uwanja ndipo ngoma zilipochezwa.

Sasa sikieni udhia. Mwenyekiti wa maonyesho alikuwa Tembo, na sheria alizitunga yeye mwenyewe. Mwenyekiti akiinuka kwenda zake, maonyesho yamefungwa. Na ngoma ambayo haikulia mbele ya Mwenyekiti kwa misimu mitatu mfululizo, hiyo imekufa, inachukuliwa na kuwa mali yake. Zamu nazo alizipanga yeye: kwanza Tembo apulize baragumu na kuhutubu, kisha rafiki yake Kiboko aimbe. Wadogo baadaye.

Na Kiboko akianza kuimba, jamani, haachi. Alijisifu yeye, akamsifu baba yake, akalisifu bwawa lao, matope ya bwawa lao, na harufu ya matope yenyewe. Alipomaliza, Tembo alikuwa ameshapiga miayo, ameinuka, ameondoka. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka tangu sheria hizo zitungwe, na mimi nikiisimulia tu napandwa na hasira.

Basi Nguchiro, yule mdogo wa miguu myepesi, alikuwa na chapuo, ngoma ndogo aliyoachiwa na bibi yake. Misimu miwili ilikuwa imepita bila chapuo hilo kulia uwanjani. Huu ulikuwa wa tatu.

Mnajua ngozi ya ngoma haipendi ubaridi. Ikipoa inalegea, ukiipiga inalia kama mtu mwenye mafua. Sharti uipashe kwenye moto wa majani makavu mpaka ikaze. Nguchiro alilipasha chapuo lake asubuhi. Zamu haikuja, ngozi ikalegea. Akalipasha tena mchana. Akainuka, akachungulia uwanjani, akarudi, akainuka tena.

"Baba Tunu, ngozi utaiunguza," mkewe alimwambia. "Hebu keti."

"Siwezi kuketi."

"Tangu unioe sijakuona umeketi. Leo nakuomba."

"Mama Tunu, bibi alilipiga hili siku ya harusi yetu. Jioni Tembo atalibeba. Unajua anataka kulifanyia nini? Anataka kigoda, apumzishie mguu."

Mama Tunu aliutazama mguu wa Tembo kwa mbali, kisha akalitazama chapuo. Machozi yakamlengalenga.

"Mguu ule?" alisema. "Litabaki unga."

Pale uwanjani Tembo alikuwa amemaliza kuhutubu, na Kiboko alikuwa anakohoa kusafisha koo. Nguchiro aliona akingoja zaidi atakosa yote. Alimwachia mkewe chapuo, akachomoka, pru! mpaka mbele ya kiti cha Mwenyekiti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama ni habari ya zamu yako, ngoja."

"Sikujia hayo. Nimetoka kibanda cha vinyago, nimesikia watu wanasemasema."

Tembo hakupenda watu waseme jambo asilolijua. "Wanasema nini?"

"Wanasema kuimba na kupuliza baragumu, kila mtu anaweza. Sanaa kubwa ni sanamu. Haisemi, haitikisiki, na watu wanaizunguka kutwa wakiisifu. Sasa wanaulizana kama mnyama aliye hai anaweza kuwa sanamu. Mimi siwezi, mzee wangu, unaniona nilivyo."

"Wewe huwezi kabisa. Kwa hiyo wanasema nani anaweza?"

"Wanasema ni mmoja tu kijiji kizima, mwenye umbo na utulivu." Nguchiro aliinamisha kichwa. "Wanamtaja Mzee Kiboko."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Kiboko? Huyu aliyekaa kama gunia la viazi?"

"Nimekusikia, Mwenyekiti," Kiboko alisema. Wimbo ukamtoka kichwani papo hapo. "Mimi naweza kukaa bwawani kutwa nzima bila kutikisa hata sikio. Wewe mkonga wako hautulii hata usingizini."

"Mkonga wangu usiuguse."

"Wazee wangu, msivunjiane heshima mbele ya watoto," Nguchiro aliingilia. "Simameni wote wawili katikati ya uwanja. Atakayetikisika, atakayesema neno, au atakayeondoka, ameshindwa. Jua likizama, aliyebaki ndiye Sanamu Kuu ya Kwamchaka."

Mtu mwenye akili angeuliza maswali. Hawa hawakuuliza. Walisimama uwanjani wakiwa wametunisha vifua, Tembo ameinua mkonga juu, Kiboko amefumbua kinywa ili meno yake yaonekane.

Wanakijiji walitoka vibandani, wakawazunguka. Swala alisema mkonga umechongwa vizuri. Mbuni akauliza kama sanamu ya pili inauzwa. Inzi alitua puani mwa Kiboko, akatembea, akarudi. Kiboko alitokwa na machozi lakini hakupepesa.

Nguchiro alikuwa ameshafika motoni. Alilipasha chapuo, akaligonga kwa kidole. Ndi! Lilikuwa limekaza.

"Utathubutu?" Mama Tunu aliuliza.

"Mwenyekiti hajaondoka, kwa hiyo maonyesho hayajafungwa. Njoo."

Akaenda mbele ya Tembo, akalipiga. Ti-ti-ndi, ti-ti-ndi, ti-ti-ndi!

Jicho la Tembo likageuka. Alitaka kupiga kelele wanyamaze, lakini sanamu haisemi. Alitaka kuondoka aende zake, lakini pembeni alimwona Kiboko bado ameganda. Akameza mate, akabaki palepale.

Chapuo liliita, na watu wakaitika. Bi Nungunungu aliiacha mikeka yake, akaingia kati akitikisa mgongo, miiba yake ikalia kama kayamba, cheke-cheke-cheke. Mama Tunu alicheza, kwanza kwa woga, halafu akajisahau. Wadogo wote waliokaa misimu mitatu wakingoja zamu walijimwaga uwanjani, wengine wakicheka, wengine wakilia, maana furaha iliyocheleweshwa huja na machozi yake. Walicheza kuzunguka zile sanamu mbili mpaka jua likazama.

Ndipo Tembo akashusha mkonga, na Kiboko akafunga kinywa, wote kwa wakati mmoja.

"Nani amewaruhusu kupiga ngoma?" Tembo alinguruma. "Haihesabiki. Sheria inasema ngoma ilie mbele ya Mwenyekiti, na mimi sikuwapo. Leteni hilo chapuo."

Mama Tunu alilikumbatia chapuo kwa mikono miwili. Nguchiro alisogea mbele.

"Kumbe hukuwapo, Mwenyekiti?"

"Nimesema sikuwapo."

"Nisamehe, mzee wangu, macho yangu ni madogo." Aliwageukia watu. "Ndugu zangu, Mwenyekiti hakuwapo. Aliyesimama ni Mzee Kiboko peke yake. Mpigieni vigelegele Sanamu Kuu ya Kwamchaka!"

Vigelegele vikapanda. Kiboko alianza kuinamisha kichwa huku na huku, akitoa shukrani.

"Nyamazeni!" Tembo alikanyaga ardhi, tii! "Peke yake vipi? Nilikuwapo. Tangu mwanzo mpaka mwisho sikubandua unyayo. Muulizeni huyohuyo Kiboko."

"Labda ulisinzia," Kiboko alisema.

"Nisinzie mimi? Chapuo limelia hapa mbele ya uso wangu. Nimelisikia lote, pigo kwa pigo. Nimemwona mke wa Nguchiro akicheza, nimemwona Nungunungu na miiba yake. Nimeona kila kitu na sikutikisika!"

Bi Nungunungu ndiye aliyesema, taratibu kabisa.

"Tunakushukuru kwa ushahidi, Mwenyekiti."

Tembo aliwatazama watu wote waliomsikia, na hakuona hata mmoja wa kuyakanusha maneno hayo kwa niaba yake. Akageuka, akaondoka polepole, na maonyesho yakafungwa.

Mama Tunu alilegeza mikono, akampa mumewe chapuo lao.

Hadithi imefika mwisho wake, na neno lake ni hili: mwenye njaa ya sifa hufungwa na ulimi wake mwenyewe.