Mwigizaji Aliyepewa Kufungua Mlango

Hadithi hii nimeipokea leo asubuhi, nami sikutaka iishie kwangu.

Kule Hollywood, mji wa watengeneza filamu, aliishi mwigizaji mrefu mwenye masikio makubwa, jina lake Delmar Quigg. Hakuwahi kuwa nyota wa filamu hata moja. Leo mhudumu wa hoteli, kesho mlevi, keshokutwa padri. Anaonekana kidogo, anapotea.

Lakini Delmar alikuwa na vituko vyake. Alipopewa kuigiza kinyozi, aliwanyoa majirani wote. Alipopewa kuigiza hakimu, hakucheka nyumbani mpaka mkewe, Opal, akamwambia, "Mheshimiwa, kesi imekwisha. Vyombo vinakungoja."

Siku moja akapewa kuigiza mtumishi wa nyumba ya kitajiri. Alitakiwa amfungulie mlango kijana anayerudi kutoka vitani, bila kusema neno.

Delmar akamuuliza mwongozaji wa filamu, "Huyu kijana nilimlea mimi?"

"Wewe fungua mlango," mwongozaji akajibu. "Ukiongeza kitu, nakufukuza."

Kijana huyo aliigizwa na nyota mashuhuri, Wendell Strand. Alitakiwa alie akifika mlangoni. Wakarudia, wakarudia tena, macho makavu. Jasho likamtoka. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba Wendell amekwisha.

Wakarudia kwa mara nyingine. Delmar akafungua mlango, akamtazama kijana, kisha taratibu akamnyooshea kola ya koti, kama baba anavyomweka sawa mwanawe.

Wendell akamwangukia kifuani, akalia kwa kwikwi. Mwongozaji akasahau hata kusema "kata" ili kamera zizimwe.

Delmar akaenda kuvua sare, akijua kibarua kimeota nyasi. Mwongozaji akamfuata. "Ulimlea wewe," akasema, akampa mkono.

Mwaka uliofuata, filamu ile ikampatia Wendell tuzo kubwa. Akasimama jukwaani akasema, "Yale machozi nilipewa mlangoni. Mzee Delmar, njoo tuishike pamoja."

Watu wakageuka kumtafuta. Akasimama Opal peke yake.

"Mniwie radhi," akasema. "Yuko sokoni anajifunza kupara samaki. Kesho anaigiza muuza samaki."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kisha ukasimama kumpigia makofi mtu ambaye hayupo.

Mtumie yeyote unayemjua anayefanya kazi isiyotajwa na mtu.

Funzo: Usiidharau nafasi ndogo uliyopewa. Ukiifanya kwa moyo wote, huenda ndiyo itakayomwinua mwenzako aliyekwama.