Sikio la Mwenye Mashine

Kulikuwa na bwana mmoja, wapendwa, mwenye mashine ya kusaga, kule milimani kwenye baridi na migomba. Bwana huyu alikuwa na sikio, jamani. Mashine inanguruma mpaka wateja wanaongea kwa mikono, yeye yuko nje anakunywa chai yake, ghafla anaweka kikombe chini. Beringi imeanza kulia. Wengine hawasikii kitu. Anaingia, anazima, anafungua, na kweli beringi imekwisha. Kanuni yake ilikuwa hiyo hiyo siku zote: mashine ikitoa sauti usiyoijua, izime kwanza, mengine baadaye.

Sasa siku moja kikohozi kikampeleka zahanati. Daktari akamwekea kifuani kile kipimo cha masikioni, akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Akamwambia kwamba moyo ukipiga kuna kasauti kanapita katikati ya mapigo. Huenda si kitu, lakini aende hospitali kubwa wakaupige picha moyo, wajue.

Mnadhani mwenzetu alifanya nini? Alijizima. Alirudi nyumbani, akavuta kiti cha uvivu mpaka barazani, akakaa, kiganja kifuani. Gunia hagusi tena. Mjukuu habebi. Kanisani besi kawaachia wenzake, maana kuimba kunaharakisha damu. Na hospitali haendi. Mara kesho, mara barabara ina mashimo, gari litautikisa moyo. Msimcheke sana. Alikuwa anaogopa kufa, na alimpenda mkewe, hakutaka kumwacha. Nani hapa hajawahi kuukwepa mlango wa daktari kwa kuogopa atakaloambiwa?

Mkewe akajifunga kanga kiunoni, akaishika mashine. Magunia akabeba yeye, mkanda ukikatika akafunga yeye, jioni unga kichwani mpaka kwenye kope, anaingia jikoni kumpondea mgonjwa ndizi. Na kila asubuhi, kabla hajatoka, bwana anamwita amsikilize.

"Mama Atupele, hebu njoo. Hakajazidi?"

Mama anainama, anaweka sikio kifuani kwa mumewe. Anakaa hapo. Anakaa kweli kweli, macho kayafumba, mpaka bwana anafarijika rohoni kwamba huyu mwanamke anamsikiliza kwa makini. Halafu anainuka taratibu, kashika mkono wa kiti. "Unapiga vizuri, baba. Kunywa uji."

Mwishowe mama akachoka kubembeleza. Akamtolea shati la Jumapili, akamwambia leo tunakwenda wote, na wakaenda. Daktari wa kule, binti wa umri wa mwanawe, akampaka mafuta kifuani, akautazama moyo wake kwenye kioo, juu, chini, pembeni. Akatabasamu. Akamwambia, mzee, moyo wako mzima. Hako kasauti ni damu tu inapita. Wengi wanako na wanazeeka nako.

Bwana nusura aimbe besi pale pale kitandani. Akageuka amwambie mkewe. Mkewe alikuwa kaketi chini, mlangoni, tangu walipomaliza kupanda ngazi. Miguuni kavaa ndala za mumewe, kwa sababu viatu vyake vilikuwa havimwingii tena. Bwana alikuwa ameziona zile ndala asubuhi, akadhani ni haraka. Daktari alikuwa ameshampita, amepiga magoti mbele ya mama.

"Mama, unapumua hivi tangu lini?"

"Tangu mavuno, mwanangu. Nikiinama kumsikiliza huyu ndipo napumzika kidogo."

Presha ilikuwa juu, na moyo uliochoka ulikuwa wa mama. Bwana akasimama na shati mkononi. Yeye wa kusikia beringi toka uani, alikuwa akilala kitanda kimoja na pumzi ile. Daktari akamuuliza kama hakusikia chochote.

"Nilikuwa najisikiliza mimi," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya binti wa watu.

Waliwahi, Mungu ni mwema. Mama yuko kwenye dawa. Siku hizi anayekalia kile kiti ni yeye, blanketi magotini, analalamika kwamba unga wa mzee una chenga. Na kila asubuhi anayeinama kusikiliza ni bwana.

Sasa sisi, wapendwa. Sisi ambao tukipigwa na kichomi kidogo nyumba nzima inajua. Yule anayetuambia kunywa uji, nani anamuuliza yeye kama amelala? Mwenye hofu na moyo wake asikae nayo barazani, aende akapimwe, hata kesho asubuhi. Ila usiende peke yako. Na ukimaliza kupimwa, kabla hujavaa shati, mwambie daktari ampime na huyo aliyekusindikiza.