Sahihi ya Jirani

Mkulima mmoja wa chai alikuwa na kovu lililoanzia kwenye kiwiko likaishia karibu na kiganja, na alikuwa na hofu ndefu kuliko kovu hilo. Jina lake Asajile. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko, kule Rungwe, katika nchi ya ukungu, ambako asubuhi unasikia hatua za mwenzako kabla hujaiona sura yake.

Kovu alilipata hivi. Alasiri moja ya mvua alikuwa akirudi kutoka sokoni kwa pikipiki. Kwenye kona ya daraja la miti wakatokea wanaume wawili wenye mapanga. Hawakusema neno. Walimkata mkono, wakamsukuma mtaroni, wakaondoka na pikipiki. Alilala humo ameubana mkono kwa shati lake, mpaka wachuma chai walipopita wakamwokota. Alipona. Lakini tangu siku hiyo kila aliyetokea ukunguni alikuwa na panga machoni pake, hata mkewe Tusekile akirudi na mzigo wa kuni.

Na kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko mkono. Asajile aliamini kwamba ni mtu mmoja tu aliyejua kuwa siku ile angepita njia ya daraja badala ya barabara kuu. Mtu huyo ni jirani yake Ipyana, waliyepakana naye mashamba. Walionana asubuhi, wakaambiana safari. Asajile hakuwa na ushahidi, na hakumuuliza. Aliacha kumsalimu, basi. Ipyana alipokwenda kumtazama hospitali na mkungu wa ndizi, Asajile alimgeuzia mgongo. Ipyana akaziweka ndizi chini ya kitanda, akaaga, akaondoka. Watu wawili waliokuwa wakiazimana majembe wakawa wanapishana njiani kama wageni.

Basi Asajile akaamua kutafuta bastola. Alitaka ndogo, ya kubeba kiunoni ndani ya koti, isionwe na mtu. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, kwa hiyo hakwenda kwa wauzaji wa kificho. Alikwenda kuomba kibali.

Mwenyekiti wa kitongoji alimpa barua. Mtendaji wa kijiji akaikataa kwa kuwa haikuwa na muhuri. Muhuri ulikuwa umefungiwa nyumbani kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amekwenda msibani Kyela. Barua ilipopata muhuri, ikaonekana kwamba picha zake zina rangi ya bluu nyuma, na inayotakiwa ni nyeupe. Akapiga nyingine. Kitambulisho chake kilimwandika Asajire na cheti cha kuzaliwa kilimwandika Asajile. Akaambiwa aape mbele ya hakimu kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Akaapa. Daktari akampima macho na akili, akampa cheti cha miezi sita. Polisi wakachukua alama za vidole vyake vyote kumi, na baada ya wiki tano wakamwita tena, kwa sababu wino wa mara ya kwanza ulififia. Kamati ya usalama ilipangiwa kukaa mwezi wa tatu, akidi haikutimia. Mwezi wa sita ikakaa, ila jalada lake halikuonekana. Lilipoonekana, cheti cha daktari kilikuwa kimekwisha muda wake, akapimwa upya.

Ofisini wilayani, dirisha la majalada lilikuwa la mama mmoja wa makamo aitwaye Sekela, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Asajile alimchukia mama huyu kama mtu anavyolichukia jiwe linalomkwaa kila siku mahali pale pale. Maana kila alipofika, Sekela alifungua jalada, akaweka kidole kwenye mstari ule ule.

"Baba, hapa bado pana kasoro. Jirani anayepakana na mwombaji athibitishe tabia yake na kutia sahihi."

"Nimeweka binamu yangu."

"Binamu yako anakaa ng'ambo ya mto. Umepakana na nani?"

Juu ya shamba la Asajile ulikuwa msitu wa kijiji, chini mto, kushoto barabara. Kulia alikuwa Ipyana. Alirudi nyumbani akaandika jina la binamu yule yule, fomu ikarudishwa. Akaandika jina la shemeji yake, ikarudishwa. Mtu huyu alikuwa tayari kuapa mbele ya hakimu, kuchovya vidole katika wino mara mbili, na kupanda basi la wilayani mara kumi na moja. Hakuwa tayari kutembea hatua mia mbili mpaka mlangoni kwa Ipyana.

Alimlalamikia Mungu. Aliuliza kwa nini wezi hupata silaha bila fomu, na yeye asiye na hatia anazungushwa kama punda wa kinu. Simlaumu kwa swali hilo. Hata mimi lingenitoka.

Lakini tazameni alichofanya wakati akingoja. Alikwenda kwa fundi viatu, akashonewa mfuko wa ngozi wa kuvaa kiunoni. Akaanza kuuvaa ukiwa mtupu, ili mwili uuzoee. Akiwa peke yake shambani alijifunza kutia mkono ndani ya koti upesi, kutoa, kutia tena. Mkono ukajifunza. Ukajifunza hata ukawa hauhitaji kutumwa. Majani yakitikisika, mkono umekwisha kwenda. Siku moja Tusekile alimwona akifanya hivyo kwa sababu ya kuku. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Baba Neema," akasema, "siku kitu kitakapokuwamo humo, mimi nitapiga hodi kila nikitoka jikoni kwangu."

Asajile akamjibu kwamba haelewi, kwa kuwa si yeye aliyekatwa.

Mwaka ukapita na miezi miwili. Zikaja mvua za mwezi wa nne, mvua zisizokata, na kilima kikanywa maji mpaka kikashiba. Asubuhi moja, kama saa mbili hivi, Asajile alikuwa chini kabisa ya shamba akizibua mifereji. Ukungu ulikuwa mzito. Mto ulikuwa umejaa na unavuma. Alisikia mshindo kutoka juu, akadhani ni radi, akaendelea kuchimba.

Kisha akasikia miguu. Mtu alikuwa anashuka mbio katikati ya mistari ya chai, anateleza, anainuka, anakuja moja kwa moja kwake. Asajile akasimama. Ukungu ukafunguka, na mtu akatokea hatua kumi mbele yake, ametapakaa tope kutoka kichwani hadi kifuani, mdomo wazi, panga mkononi. Alikuwa Ipyana.

Mkono wa Asajile ukaenda. Hakuutuma. Uliingia ndani ya koti, ukazama ndani ya ule mfuko wa ngozi, na vidole vikafumbata. Havikukuta kitu. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba kidole chake cha shahada kilivuta.

"Kilima kimeshuka!" Ipyana akapaza sauti. "Mama Neema yuko chini ya jiko! Namsikia, ila boriti imenishinda peke yangu. Twende!"

Walipanda mbio. Jiko lilikuwa limelala ubavu, nusu yake ndani ya udongo. Ipyana alikuwa amekwisha kukata fito na kamba za paa kwa panga lile, akafungua tundu la kupitisha mabega ya mtu, na ndani yake boriti ilikuwa imelala juu ya mapaja ya Tusekile. Asajile akaweka bega lake chini ya boriti, bega la mkono ule wenye kovu, akainua. Ipyana akaingia kichwa na kifua, akamshika mwanamke kwapani, akamvuta. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili akatoka, mguu umevunjika, kinywa kimejaa udongo. Akakohoa, akatema, akauliza kama mbuzi wako salama.

Wakambeba. Hawakuwa wamefika barabarani kilima kiliposhuka mara ya pili, kikalimeza jiko lote na mgomba uliokuwa nyuma yake, na mahali pale pakawa kama hapajawahi kuwa na nyumba.

Mchana, hospitalini, daktari alitoka akasema mguu utaunga na hakuna kingine kilichoumia. Asajile aliketi kwenye benchi la korido. Ndipo akaanza kutetemeka, mtu mzima. Ipyana akamvulia sweta lake, lenye tope vilevile, akamfunika. Kisha Ipyana akasema, kama mtu anayetafuta tu la kuzungumza, "Mtendaji aliniambia ile fomu yako inakwama kwa kukosa sahihi yangu. Mbona hukuileta? Ningeitia."

Asajile akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya daraja.

"Ungeitia," akasema, "leo asubuhi ningekuua."

Muuguzi alipita na toroli la dawa, akarudi nalo likiwa tupu. Ndipo Ipyana akauliza, "Kwa kosa gani?" Asajile akamweleza yote: njia ya mkato, safari waliyoambiana, dhana aliyoifuga moyoni mwaka mzima.

"Njia ya daraja?" Ipyana akasema. "Kaka, siku ile nilipita kwa fundi wa tairi, akaniambia Asajile anarudi kwa njia ya daraja. Muuza mafuta naye akaniambia. Ulikuwa unalisifu daraja hilo tangu asubuhi, kwamba limekupunguzia mwendo. Soko zima lilijua."

Asajile akakumbuka. Ilikuwa kweli. Alijiona akiwaambia, mmoja mmoja, akicheka. Akafunika uso kwa mikono miwili, na watu waliokuwa kwenye benchi la pili wakadhani amefiwa. Lakini alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na Ipyana akacheka pia, wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwakaripia kwamba hapa kuna wagonjwa. Hakikuwa kicheko cha jambo la kuchekesha. Ni kicheko cha mtu aliyetembea gizani, kulipokucha akageuka kutazama alikopita, akaona korongo upande huu na korongo upande ule.

Wiki iliyofuata alikwenda wilayani. Sekela alipomwona alifungua jalada kabla hajasalimiwa. "Baba, safari hii nina habari njema. Kamati imekukubali. Imebaki sahihi ya jirani peke yake."

"Nimekuja kuyaondoa maombi yangu, mama. Na nimekuja kukushukuru kwa kunichelewesha."

Sekela akavua miwani. "Baba, nimefanya kazi dirishani hapa miaka kumi na tisa. Usinitukane."

"Sikutukani." Akamsimulia, akiwa amesimama pale dirishani, na watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakaacha kunung'unika wakasikiliza. Alipomaliza, yule mama alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, "Kuondoa maombi kuna fomu yake. Nayo inataka muhuri wa mwenyekiti." Asajile akacheka, akaichukua fomu, akaenda kuutafuta muhuri. Moyo wake ulikuwa mwepesi, hata hakuona urefu wa njia.

Sasa sikilizeni. Wale wawili wa darajani hawajakamatwa mpaka leo, na Asajile bado husimama akisikia hatua ukunguni. Hofu haikufutika kwa siku moja. Wala asitoke mtu hapa akaenda ofisini kusema kwamba mimi mwalimu wenu nimefundisha kuwa uzembe ni baraka. Uzembe ni uzembe, na aliyepoteza jalada la mtu atalijibia. Lakini angalieni ni nini hasa kilichomzuia mtu yule. Muhuri ulipatikana. Picha nyeupe ilipatikana, na wino ukapatikana, hata jalada lilipatikana. Kilichokosekana mpaka mwisho ni jina la mtu mmoja ambaye Asajile alikataa kupatana naye, na mtu huyo ndiye ambaye mkono wa Asajile ulikuwa umejifunza kumuua.

Nasi tuna maombi yetu mbele za Mungu, na wengi wetu tumekaa dirishani pake mwaka wa pili, wa tatu, tunauliza kwa nini jibu halitoki. Nawauliza neno moja, na kila mtu ajibu akiwa peke yake nyumbani: kama ungepewa ulichokiomba, siku ile ile uliyokiomba ukiwa na hasira, ni nani leo asingekuwa hai?