Mama Aliyeombea Foleni

Pale mpakani, ndugu zangu, palikuwa na mama ntilie mmoja. Miaka hiyo malori yalilala barabarani siku mbili tatu yakisubiri karatasi zigongwe muhuri, na madereva wangefanya nini? Walikula kwake. Kisha nchi zetu zikaelewana. Kikajengwa kituo kipya cha forodha, pande zote mbili chini ya paa moja, mambo yote kwenye kompyuta. Lori linafika, linapita. Wafanyabiashara wakapiga makofi. Yule mama akabaki na wali uliokauka sufuriani.

Hakutulia tena. Akikaa anasimama, akisimama anachungulia barabarani. Kila alfajiri akapiga magoti: "Bwana, nirudishie foleni."

Mnacheka? Subirini.

Siku moja mtandao ukagoma. Kufika saa nne malori yalikuwa yameziba barabara yote, kwenda na kurudi. Mama akawasha majiko yote. "Kuleni, wanangu! Leo Mungu amenikumbuka!"

Simu ikaita. Ni mkwewe, aliyemwoa binti yake ng'ambo ya mpaka. "Mama, uchungu umeanza kabla ya wakati, tunamleta hospitali ya huko kwenu. Tumekwama nyuma ya malori. Anatoka damu, mama."

Alitupa mwiko. Akakimbia katikati ya malori akigonga milango. "Sogea, baba! Nakuomba, sogea!"

"Nisogee wapi, mama?" dereva akamjibu. "Mbele lori, nyuma lori."

Madereva wakashuka, wakambeba yule binti kwa shuka, wakipenya naye kiubavubavu mpaka wakavuka. Alijifungua. Yeye na mtoto walipona, lakini kwa shida kubwa. Jioni binti akafumbua macho, akamwona mama yake, akatabasamu.

"Mama, nimeona foleni. Leo umeuza?"

Yule mama akageukia ukutani.

Na sisi tugeukie wapi? Nani hapa anaomba mvua ikatae shambani kwa jirani, ili mahindi ya ghalani kwake yapande bei? Nani amekalia faili la mtu ofisini, anasubiri aletewe kitu kidogo? Yule mama alikuwa na njaa, na njaa si dhambi. Angeweza kusema, "Bwana, umewafungulia wao, nifungulie na mimi." Lakini aliomba wenzake wafungiwe.

Kesho alfajiri tutapiga magoti. Kabla hujafungua kinywa, jiulize: riziki hii ninayoiomba, nani atakwama ili niipate?