Neno Lisilotamkwa Barazani

Hapo zamani, enzi ya Sultani Fumo Kiongwe wa mji wa Ungamo, alikuwako fukara mmoja jina lake Shekue. Hakuwa na kitu duniani ila ulimi wake, na mama mkongwe asiyeweza tena kutembea. Siku moja alimkuta Waziri Bakathiri sokoni akiwaamuru askari wabomoe kibanda cha mjane muuza vitumbua, kwa sababu moshi wake ulimkera puani. Shekue hakujizuia. Akamwita Waziri fenesi mbele ya umati, na watu wakacheka, hata mjane naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Basi katika sheria za Ungamo, tusi na neno chafu yalikuwa makosa mbalimbali. Aliyemtukana mwenziwe alimtaka radhi hadharani, yakaisha. Bali aliyetamka neno chafu, lile la kuaibisha masikio ya kila mtu, alifukuzwa mjini asirudi tena. Waziri akaenda kushitaki kwamba ametamkiwa neno chafu, tena chafu hata yeye hathubutu kulikariri mbele ya Sultani.

Sultani akamwita Shekue, akamwambia, "Nakupa hadi alasiri uthibitishe kuwa neno lako si chafu. Lakini ukilitamka katika baraza hili, umejihukumu mwenyewe."

Shekue akatoka akijiuliza nani atamwinua mama yake kitandani yeye akiisha kufukuzwa. Akazunguka mashambani, akaomba alichoomba, na ilipofika alasiri akarudi na sinia lililofunikwa kawa. Akasema ameleta zawadi kwa Mwana Esha, mama yake Sultani, aliyezoea kusikiliza mashauri nyuma ya pazia. Akaruhusiwa, na sinia likapitishwa. Watu wakasikia bibi anatafuna, akatulia, akatafuna tena. Kisha sauti yake ikatoka wazi kabisa:

"Mwanangu, fenesi hili tamu mno. Limetoka shamba la nani?"

Wale waliokuwapo sokoni siku ile wakatazamana. Shekue akainamisha kichwa, akasema, "Bwana wangu, neno limetamkwa, wala si kwa kinywa changu. Likiwa ni chafu, sheria waijua. Na lisipokuwa chafu, basi kosa langu ni tusi tu, maana halikumwumiza mtu ila yule niliyempiga nalo."

Sultani akamwuliza Waziri kama neno lenyewe ndilo hilo, Waziri akatazama zulia, akaitikia kwa kichwa. Mwana Esha akataka kujua tusi hilo lilitokana na nini, akaelezwa habari ya mjane. Ikawa Sultani akaamuru kibanda kijengwe upya siku ile ile kwa gharama ya Waziri, na Shekue, kwa kuwa neno lake si chafu bali ni tusi tu, aombe radhi hapo hapo.

Shekue akamgeukia Waziri kwa adabu kubwa. "Niwie radhi, bwana. Nilikosa kukuita fenesi. Fenesi lina miiba nje, lakini ndani ni tamu. Nakiri mbele ya wote kwamba wewe si fenesi."

Waziri akainuka kushitaki upya. Sultani akamwuliza taratibu, "Kwa kosa gani? Amekana kwamba wewe ni fenesi. Wataka asikane?"

Pazia likaanza kutikisika kwa kicheko cha Mwana Esha, na Sultani naye akashindwa, akacheka hata kilemba kikamshukia machoni. Waziri akatafuta neno la kushitaki, asilipate, akakaa chini, akapokea radhi.