Neno Lililopasua Pete

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale. Hadithi yangu haina sungura, ina zege.

Palikuwa na mafundi watatu, marafiki wa kula sinia moja, wakijenga handaki la reli ndani ya mlima. Sekibaha alijaliwa jicho: ndiye aliyeunda kalibu za chuma. Nyamizi alijaliwa mkono: ndiye aliyemwaga zege ndani ya kalibu na kulitoa likishakauka. Lufunga alijaliwa subira: ndiye aliyepanga vile vipande ukutani, kimoja ubavuni mwa kingine, mpaka vikawa pete ya kuuzuia mlima usiporomoke.

Kazini walikuwa na neno lao. Kipande kikikosa kipimo kwa unywele tu, husemwa, "Inakubalika." Na kweli, sheria ya kazi iliruhusu unywele.

Siku moja kalibu ilitanuka unywele. Sekibaha akapima, akasema, "Inakubalika."

Nyamizi akakitoa kipande mapema kidogo, kikapinda unywele. "Inakubalika, jamani, wenzetu wanakisubiri!"

Lufunga akakipanga, ukingo ukajitokeza unywele. Akaupapasa kwa kidole. Inakubalika.

Lo! Nywele tatu zikakutana kwenye kona moja. Mashine ya kuchimba ilipoiegemea ile pete ili ijisukume mbele, nguvu yote ikaielemea kona hiyo. Zege likapasuka, bonge likamwangukia Kilindo aliyekuwa chini akizoa tope. Kilindo, kibarua aliyekula nao sinia lile lile! Roho inaniuma hata kumtaja.

Msibani wakamwendea mjane, Mwasiti. Kila mmoja akasema ukweli mtupu: "Shemeji, mimi sikuvuka kipimo."

"Kwa hiyo mume wangu kauawa na watu wasiokosea?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Sitaki kesi," akasema Mwasiti. "Kilindo hakuwa mtu wa kinyongo. Nataka kusamehe, nipate usingizi. Aje mmoja aniambie, 'Ni mimi, nisamehe.'"

Sekibaha akasema, "Bila unywele wangu, pete isingepasuka."

"Na bila wangu pia isingepasuka," akasema Nyamizi.

"Wala bila wangu isingepasuka," akasema Lufunga. "Basi shemeji, ni sisi sote."

Mwasiti akatikisa kichwa huku machozi yakimtoka. "Sote si mtu. Sote hana uso nikamtazama." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mpaka leo haujafunguliwa kwa yeyote kati yao, na lile sinia halijapakuliwa tena.

Je, wewe ungemtuma nani akabishe hodi? Na usinijibu "wote". Hilo mjane keshalikataa.